Matembezi ya Jumamosi na Gogo

Mume wangu alikuwa mlinzi wa kiwanda kimoja Pinetown, nje ya Durban. Alfajiri moja mwenzake wa zamu alinipigia simu, akaniambia amemkuta ameketi kwenye kiti chake getini, koti amelifunga vifungo vyote, na hajibu. Nilimuuliza kama amemgusa. Akasema amemgusa. Nikamwambia asante, nikakata simu, nikaenda kuweka maji ya chai jikoni, kwa sababu ndicho nilichokuwa nimeamkia.

Yaliyofuata niliyaona kama mtu anayeangalia televisheni ya jirani kupitia dirishani. Kina mama wa kanisa walikuja kwenye fleti yetu hapa Albert Park, wakaondoa meza sebuleni, wakatandika mikeka, wakaimba. Wengi walikuwa wa Uvira, Kongo, kama sisi, wengine wa Bukavu na Bujumbura. Walinililia. Mimi nilikuwa namtazama mmoja wao aliyevaa soksi mbili zisizofanana, nikijiuliza kama anajua. Tulimzika hapa hapa Durban, kwa maana kumrudisha nyumbani hakukuwezekana. Sikulia. Matanga yalipokwisha nilirudi saluni kusuka nywele, na vidole vikafanya kazi yao bila kuniuliza.

Watu husema mwili umekufa ganzi. Mwili wangu ulikuwa mzima. Kilichokufa ganzi ni mahali pengine ndani yangu, na kwa kuwa sikujua pako wapi, sikuweza hata kupakanda.

Aliyekuja kunitoa ni mama pasta, mke wa mchungaji wetu. Alinikuta sebuleni, akabaki amesimama na mkoba begani.

"Mama, uko unafanya nini humu?"

"Nimekaa."

"Voilà. Unakaa, unaangalia ukuta. Sikia. Kuko mama moja Muzulu, mzee, anataka kufundisha mabinti zetu historia ya wanawake wa mji huu. Anatafuta mtu wa kutafsiri."

"Juu ya nini mimi?"

"Juu ulikuwa unatafsirianga kule kliniki. Na juu huu ukuta hauna kitu utakuambia."

Ni kweli, kabla ya saluni nilikuwa nikiitwa kliniki kuwatafsiria wanawake wetu waliokuja kujifungua bila Kiingereza wala Kizulu. Kazi ile ilinifundisha kanuni moja. Mtafsiri hasemi "huyu mama anasema anaumwa." Husema "ninaumwa." Wewe ni mdomo tu. Nimesema "ninaumwa" na "mtoto hachezi tena tumboni" na "damu haikatiki," na mwili wenyewe si wangu. Nilimkubalia mama pasta kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu.

Jumamosi iliyofuata yule mzee alikuja kwenye ukumbi wa kanisa. Alikuwa nesi mstaafu, mwanamke mfupi mwenye rangi nyekundu ya midomo iliyopakwa kwa uangalifu, na jambo la kwanza alilofanya ni kulalamikia viti. Viti vya plastiki, alisema, vimetengenezwa na mtu anayechukia migongo. Alitaka kuitwa Gogo. Kwa Kizulu ni bibi. Mabinti waliposikia wakaanza kubanana mbavu na kucheka, maana kwa Kiswahili gogo ni mti ulioanguka. Akaniuliza wanacheka nini. Nikamwambia.

"Waambie mti ulioanguka ndio unaomwangusha mtu," alisema. "Mti uliosimama huwa anauona."

Nilitafsiri. Wakacheka upya, cheko la namna nyingine.

Mama pasta alimuuliza kwa nini amekuja kwetu wageni badala ya kwenda kwa watu wake. Gogo hakuona aibu kujibu. Alisema alianzia kwa watu wake. Alikwenda shule mbili, wakamwahidi kumpigia simu. Maktaba moja ilimpa chumba na chai, wakaja wazee wawili ambao tayari walikuwa wanaijua hadithi. Wajukuu wake wako Johannesburg, na kila akianza wanasema, Gogo, hiyo tena? "Nimeambiwa ninyi watu wa Kongo bado mnawasikiliza wazee," alisema. "Tutaona."

Kisha akaanza, kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu. "Mama yangu alikuwa akipika pombe Cato Manor."

"Mama yangu alikuwa akipika pombe Cato Manor," nikasema kwa Kiswahili.

Cato Manor ni vilima vilivyo nyuma ya mji, ambako zamani, enzi za utawala wa wazungu, watu weusi walijibana kwenye nyumba za mabati na udongo. Manispaa ilikuwa imejenga vilabu vyake vya pombe, wanaume wakanywee huko, fedha ziingie kwenye mfuko wa manispaa. Mwanamke kupika pombe ya mtama nyumbani kwake lilikuwa kosa la kwenda jela. Wanawake walipika hivyo hivyo. Walijaza pombe kwenye madebe, wakayafukia uani, wakafagia juu yake. Polisi walikuja na vyuma virefu vyenye ncha, wakawa wanaidunga ardhi hatua kwa hatua.

"Kama sisi manesi tunavyotafuta mshipa," Gogo alisema. "Mpaka wasikie ngo! Hapo wanachimba, wanamwaga. Pombe inateremka mlimani mpaka kwa jirani. Kuku wa jirani wanalewa."

Mabinti walicheka. Mimi pia nilisema ngo!, kwa sauti ile ile aliyoitumia, maana hiyo ndiyo kazi.

Halafu akaieleza siku wanawake walipochoka. Walitoka na fimbo, wakaingia kwenye vilabu vya manispaa, wakawafukuza wanaume, wakaipindua pombe. Mama yake hakuwa na fimbo. Alitoka na mwiko mrefu aliokuwa akikorogea chunguni.

"Mimi nilikuwa mtoto," nikasema, kwa kuwa Gogo alisema hivyo. "Nilidhani mama amekwenda sokoni. Nikakaa mlangoni kumsubiri. Shangazi akaja kunichukua, akaniambia mama amefungwa. Aliporudi kutoka jela alikuwa amekonda, na hakunibeba. Alipita mpaka ndani, akauliza mwiko wake uko wapi."

Ukumbini kina mama wawili walikuwa wakijipangusa macho. Mama pasta aliniangalia mimi, si Gogo. Nadhani alitegemea kitu. Koo langu lilikuwa kama bomba. Maneno yalipita ndani yake, hayakuacha hata unyevu.

Mwanakwaya mmoja, Mrundi anayesafisha maofisi, aliinua mkono akasema kwao mama yake alipika pombe ya ndizi, na polisi wa kwao nao walikuwa wakimwaga. Nikakumbuka shangazi yangu wa Uvira na kasiksi yake, pombe ya ndizi vile vile. Gogo alinidai nimtafsirie haya yote. Aliposikia, alipiga goti lake kwa kiganja.

"Basi kumbe mnajua," alisema. Kisha akanigeukia. "Wewe, sisi, unatafsiri vizuri. Lakini una uso kama ukuta wa hospitali."

Sisi kwa Kizulu ni dada. Kila aliponiita hivyo nilishtuka kidogo, nikatazama pembeni kuona ni akina nani wengine tulio pamoja.

Baada ya ukumbi ikawa matembezi. Gogo alisema historia ya kukaa kwenye kiti cha plastiki haiingii. Jumamosi asubuhi tulikutana mlangoni kwa kanisa, mabinti na kina mama waliopata nafasi, yeye akiwa na viatu vya raba na rangi yake ya midomo, tukaenda.

Mara ya kwanza hatukutoka hata mtaani kwetu. Alituongoza mpaka kwenye jengo ninaloishi mimi, na kwa kuwa lifti haifanyi kazi tulipanda ngazi, yeye akisimama kila ghorofa kuwasema watengeneza lifti. Juu kabisa, kwenye paa, kuna safu ya vyumba vidogo. Nilikuwa nimeishi chini yake miaka mingi nikidhani ni stoo. Gogo akasema zamani fleti zote za Albert Park zilikuwa za wazungu, na wanawake weusi waliowapikia na kuwalelea watoto walilala huku juu, karibu na matangi ya maji. Shangazi yake alikuwa mmoja wao. Upepo wa baharini ulimharibia masikio.

Binti mmoja alisema, "Gogo, mimi nakaa hapa. Chumba cha tatu."

Gogo akamwangalia. "Masikio yako vipi?"

"Iko sawa."

"Lala upande wa ukuta," alimwambia, tukashuka.

Jumamosi nyingine alitupeleka kwenye barabara moja ya katikati ya mji, mbele ya duka la simu, akasema hapa palikuwa na kilabu cha pombe cha manispaa. Akaanza kuhadithia akiwa amesimama mlangoni kabisa. Mwenye duka, kijana wa Lubumbashi, alitoka akanilalamikia kwa Kiswahili, "Mama, mwambie huyu mzee anazibia kliyanti." Nilimtafsiria Gogo kama ilivyo. Gogo akamuuliza kama anajua amesimama juu ya nini. Kijana akasema amesimama juu ya tailsi. Basi Gogo akamweleza, mimi nikitafsiri, na alipofika kwenye wanawake na fimbo yule kijana alikuwa ameegemea fremu ya mlango, mteja wake naye ameegemea upande wa pili. Mwisho akaingia ndani, akatoka na kiti.

"Hiki afadhali," Gogo alisema alipokikalia.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa kali. Binti akirudia hadithi na kusema "wanawake waliteseka," Gogo alimkatiza. "Hilo linasemwa na kila mtu. Niambie alibeba nini. Niambie alivaa nini miguuni. Kama hujui, nenda kaulize." Aliwapeleka kwenye soko lililo karibu na stesheni ya reli, akawataka kila mmoja amtafute mama anayeuza kitu na kumuuliza nani aliuza mahali hapo kabla yake. Mabinti waliogopa, kwa sababu Kizulu chao ni cha shuleni na si kila mtu sokoni humpokea mgeni vizuri. Wengine walifukuzwa. Mmoja alirudi na mfuko wa viazi vitamu aliopewa bure na hadithi ya mwanamke aliyejifungulia chini ya meza ya mboga, akaendelea kuuza jioni ile ile.

Mimi nilikwenda kila Jumamosi. Mtu angeniuliza kama ninapenda, ningesema sijui. Niliamka, nikaoga, nikaenda kusema "mimi." Nyumbani kulikuwa na nguo za mume wangu kabatini, sikuzigusa wala sikuzikwepa. Nilifungua kabati, nikachukua zangu, nikafunga.

Kulikuwa na mahali pamoja Gogo alipokuwa akipazungumzia bila kutupeleka. Mama yake, baada ya jela na baada ya nyumba zao za Cato Manor kubomolewa na watu kuhamishiwa KwaMashu, mbali nje ya mji, alipata kazi ya ndani kwa familia moja ya Overport. Alilala kwenye chumba cha uani. Mtoto hakuruhusiwa kulala pale, kwa maana karatasi ya kuwa mjini ilikuwa ya mama peke yake. Tulipomuuliza kwa nini hatuendi, Gogo alisema alikwishaitafuta ile nyumba, imevunjwa, wamejenga maduka.

Yule mwanakwaya Mrundi akasema, "Mimi nakaa Overport, chumba cha nyuma. Iko ya zamani. Aje aone changu, vyote vinafanana."

Tulikwenda wachache, kwa teksi ya abiria. Tulipita pembeni ya nyumba kubwa, chini ya kamba za nguo, mpaka uani. Kilikuwa chumba cha matofali chenye mlango wa chuma. Ndani kulikuwa na kitanda, jiko la umeme la sahani mbili, sare za shule za watoto wawili zimening'inizwa kwenye msumari, na pazia lililogawa mahali pa kulala wazazi na mahali pa kulala watoto. Gogo alisimama katikati, akageuka mara moja polepole, kama anavyogeuka mtu anayepimwa gauni.

"Wameweka dirisha," alisema.

"Wameweka dirisha," nikasema.

Mwanakwaya akamwambia dirisha lilikuwepo alipohamia. Gogo akatikisa kichwa. Akaonyesha kitanda kwa kidole.

"Kitanda cha mama kiliinuliwa kwa matofali. Jumapili shangazi alinileta kumwona, na mara nyingine tulichelewa, basi nalala. Polisi walikuwa wanazunguka na tochi kuangalia nani yuko uani bila ruhusa. Wakigonga, mama ananisukuma chini ya kitanda, nyuma ya masanduku. Naona viatu vyao. Naona miguu ya mama. Mama anawajibu kwa sauti ya mtu mwingine. Sijawahi kuisikia sauti ile mahali pengine. Wakiondoka, ananiambia kaa kwanza. Kaa kwanza. Nilikuwa nalala kule kule chini."

Niliyatafsiri yote. "Naona miguu ya mama," nilisema. "Nilikuwa nalala kule kule chini." Mwanakwaya aliketi kitandani kwake, akashika godoro kwa mikono miwili. Yeye pia ana karatasi ya ukimbizi anayoipangia foleni, mume wake pia, na mtoto wao mmoja jina lake halijaingia kwenye karatasi ya mtu yeyote. Hakusema hayo. Sote tuliyajua. Baadaye alisimama, akachemsha maji, akampa Gogo chai ya rangi yenye sukari nyingi kama alivyoipenda, na Gogo akainywa yote akilalamika kwamba kikombe ni kidogo.

Kwenye kituo cha teksi Gogo alinishika mkono.

"Unalala?" aliuliza.

"Nalala."

"Unakula?"

"Nakula."

Hayo ni maswali ya nesi. Alinitazama jicho la kushoto, kisha la kulia, kama anayetafuta kitu alichokiangusha. "Haya," akasema. Hakuniambia kwamba yatapita, na nilimshukuru kwa hilo.

Mwaka ule, mwezi wa Agosti ulipokaribia, shule moja ya mjini iliomba matembezi. Agosti ndio mwezi wa wanawake nchini hapa, na kila shule inatafuta kitu cha kufanya. Hii ndiyo ilikuwa shule ya kwanza kumpigia Gogo badala ya yeye kuipigia. Alifurahi hadi akawa hasemeki. Alinunua viatu vipya vya raba. Aliniambia safari hii hanihitaji, maana watoto ni Wazulu na Wahindi, lakini nije tu, nimshikie mwavuli.

Siku chache kabla, binti yake alinipigia. Huyu ni mwanamke wa umri wangu, anaishi KwaMashu, na tulikuwa tumeonana mara mbili tu. Alisema mama yake ameanguka bafuni. Upande wa kulia umelala, na maneno yamekwenda.

"Yote?"

"Anasema hawu. Na jina la paka. Basi."

Hawu ni lo! ya Kizulu. Nikamwambia pole sana. Nikasubiri nione kama kuna kitu kitashtuka ndani yangu. Hakikushtuka. Nikauliza kama niwapigie simu shule niwaambie hakuna matembezi.

"Hapana," alisema. "Utayafanya wewe."

"Mimi ni mgeni, dada. Kizulu changu kibovu."

"Mimi sizijui zile hadithi. Alikuwa akiniambia, mimi naangalia simu. Wewe umezisema zote. Nilipolitaja jina lako kitandani, alikunja kidole hivi." Bila shaka alikikunja na yeye, ila kwenye simu sikuona. "Tafadhali, sisi."

Basi nikaenda. Mwalimu wa kike kijana alikuwa na kundi la watoto waliovaa sare ya bluu, wanatafuna chingamu. Nilijitambulisha. Nikaanza kwa Kiingereza na Kizulu nilichonacho, na hapo nikagundua kwamba nilikuwa nimekwisha kuyahamishia maneno yote kwenye Kiswahili. Ilibidi nimrudishie Gogo maneno yake mwenyewe. Nilipata kigugumizi. Watoto walitazamana.

Sokoni, karibu na wanawake wanaochemsha mahindi kwenye mapipa, nilikuwa nimefika kwenye madebe ya pombe aliposimama mwanaume mmoja mwenye kofia ya kazi. Alisikiliza kidogo. Kisha akamwambia mwalimu kwa Kizulu, kwa sauti ya watu wote, "Huyu kwerekwere anawafundisha watoto wetu habari za mama zetu?"

Kwerekwere ndilo neno lao la kutuita sisi wageni, na halisemwi kwa upendo. Mwalimu aliinamisha macho. Chingamu zikaacha kutafunwa. Mwaka mwingine ningeogopa, maana nimeona maneno kama yale yanavyoweza kuanza na yanavyoweza kuisha. Siku ile hofu nayo haikuja. Nilimjibu kwa Kizulu changu kibovu, taratibu, kama ninayemjibu mgonjwa.

"Baba, mwenye hadithi ameanguka, hawezi kusema. Mimi nilikuwa mdomo wake. Kama wewe unaijua, iseme. Tutasikiliza."

Alifungua mdomo. Akaangalia watoto. Sidhani alikuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeulizwa asichokijua mbele ya watoto. Aliyejibu ni mmoja wa wachemsha mahindi, mama mnene mwenye aproni, aliyekuwa amenipa mgongo muda wote.

"Anaijua," alisema, akichomoa mahindi kwa koleo. "Lakini ameiacha nusu."

Nikamwomba aseme iliyobaki.

"Bibi yangu alikuwepo. Unadhani wanaume walikimbia fimbo? Wanaume wale walikuwa wamezoea fimbo." Aliweka koleo chini, akafuta mikono. "Wanawake waliingia ndani ya kilabu, wakageuka, wakapandisha sketi. Hivi." Hakupandisha, ila aligeuka na kuinama kidogo. "Mwanaume ataangalia nini? Makalio ya mama ya rafiki yake? Walipita hadi madirishani!"

Watoto walipiga kelele. Mwalimu aliziba mdomo kwa mkono, mabega yakitikisika. Hata yule mwenye kofia alicheka pasipo kutaka, akasema "Hawu, mama," akaenda zake. Yule mama akaendelea, akamtaja bibi yake, alivyokuwa akivaa gambuti za marehemu mume wake, alivyofungwa na mtoto mgongoni, na mtoto yule ndiye aliyekuja kumzaa yeye. Watoto wakamuuliza maswali kwa Kizulu chao cha haraka. Mimi nilisimama pembeni. Sikuwa na cha kutafsiri. Niliushika mwavuli.

Jioni ile nilipanda teksi ya KwaMashu. Gogo alikuwa kitandani chumbani kwa binti yake, mto umewekwa chini ya mkono uliolala, bila rangi ya midomo, na bila hiyo sura yake ilikuwa ndogo. Nilikaa nikamweleza matembezi yalivyokwenda, pamoja na mwenye kofia. Nilipofika kwenye sketi alifumba macho. Nikadhani nimemkosea. Kisha nusu ya uso wake ikaanza kucheka. Ilicheka bila sauti, machozi yakimtoka kwenye jicho moja. Kumbe alikuwa anajua. Miezi yote ile alikuwa akiiruka ile sehemu, labda kwa sababu tulikuwa watu wa kanisa.

"Gogo, ulituficha," nikasema.

"Hawu," akasema.

Binti yake aliyekuwa akikunja nguo aliuliza kuna nini. Nikamweleza. Hakuwa ameisikia hata yeye. Aliketi ukingoni mwa kitanda na shuka mikononi, akamwambia mama yake kwa Kizulu, "Anza tena mwanzo." Halafu akakumbuka, akanigeukia mimi. Nikaanza mwanzo.

Gogo bado yuko hai. Ameongeza maneno machache, mengi yao ya kulalamika. Tunamleta kwenye kiti cha magurudumu siku ambazo hakuna mvua, na nikikosea hupiga mkono wa kiti kwa kiganja kile kizima mpaka nirudie vizuri. Binti yake huja anapopata ruhusa kazini. Mama wa mahindi ametutengea dakika kumi kila Jumamosi, si zaidi, maana mahindi hayasubiri. Shule nyingine mbili zimekuja. Moja haikurudi, kwa ajili ya ile habari ya sketi.

Kina mama wa kanisa huniuliza kama nimepona. Siwezi kuwaambia ndiyo. Ninaamka, ninaoga, ninakwenda. Kuna Jumamosi nilipokuwa nikieleza juu ya paa, upepo ukivuma kutoka baharini, nikasikia masikio yangu yanauma, na nilishangaa kwa kuwa yalikuwa yangu. Maumivu yale hayakukaa. Tuliposhuka hadi ghorofa ya tatu yalikuwa yamekwisha.

Wiki iliyopita walikuja watu wanne tu. Mmoja alikuwa msichana mgeni, amefika juzi kutoka Bujumbura, hajui hata robot ni taa za barabarani. Aliniuliza wale wanawake wote wa zamani walizikwa wapi. Nikamwambia mama yake Gogo amezikwa KwaMashu, bibi yake mama wa mahindi sijui, nitauliza. Taa zikawa za kijani, tukavuka.